Shoka la Baba na Fimbo ya Jirani

Siku ile uani tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na kikohozi, kitinda mimba wetu, akiokota vibanzi, gogo, ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi, mwenye yadi, ameketi juani juu ya kreti lake, na jirani yetu Mkongomani, mlinzi wa usiku, ambaye saa ile alipaswa kuwa amelala. Nawataja wote kwa sababu nimebaki peke yangu ninayeikumbuka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Fordsburg, hapa Johannesburg, kununua kitambaa, nikapita penye meza ya mashoka. Mipini yote imepakwa rangi nyekundu. Nikamsikia baba kabisa kichwani mwangu: "Rangi ya nini? Huyu anaficha ufa."

Baba alikuwa mtu wa Tanga, na alichagua shoka kama wengine wanavyochagua nazi. Alilipima uzito mkononi, akaligonga chuma kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha akafumba jicho moja kutazama kama makali na mpini vimenyooka. Nyuzi za mti zilipaswa kushuka moja kwa moja. Zikikatiza mpini, alilirudisha mezani. Shoka kubwa lilikuwa la magogo, kishoka cha vibanzi vya kuwashia, na ukimpasulia gogo la mti kwa kishoka kwa sababu ni chepesi, alikunyang'anya. Watu walimcheka. Joburg hii, msitu uko wapi? Lakini umeme ulipokatika mtaani kwetu Alexandra, walikuja na sufuria zao kwenye mbaula yetu, lile pipa lililotobolewa matundu, na uani kukanuka moshi wa kuni za mwati na chai ya tangawizi.

Baba akafariki. Mama akafuata mwanzoni mwa majira ya baridi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaacha shule. Ndugu wa mama walitaka kutugawa, mmoja huku, mmoja kule. Nikawaambia wadogo zangu hawaendi popote maadamu naweza kuwawashia moto. Nikawa naburuta matawi ya mwati kutoka mtoni kwa troli mbovu ya supamaketi, napasua mwenyewe.

Shoka la baba lilikuwa limelegea kichwa. Yeye aliliweka kwenye ndoo ya maji usiku kucha, mpini ukavimba, chuma kikabana. Nami kila Ijumaa nikaliloweka vilevile.

"Mama," jirani ndivyo alivyoniita, mtoto kama nilivyokuwa, "ile shoka usiitie mu maji. Huku hewa ni kavu, muti itarudi mudogo. Tia kabari mupya."

"Baba alifanya hivi, Papa."

"Baba yako alikuwa mutu ya bahari. Hapa bahari iko wapi?"

Niliona anamtukana marehemu. Nikaendelea kuloweka.

Jumamosi ile tulipokuwa watano uani, shoka lilikuwa limekaa juani asubuhi nzima, katika baridi ile kavu inayopasua midomo. Jirani aliamshwa na mlio wa chuma kinachocheza kwenye mpini, akatoka na blanketi mabegani. Nilikuwa nimeshaliinua. Kitinda mimba wetu alikuwa ameinama mbele yangu kuokota kibanzi. Jirani akamvuta kwa ukosi wa sweta. Mpini ukawa mwepesi mikononi mwangu, na chuma kikaenda pale alipokuwa mtoto, kikampiga jirani gotini.

Gogo alivua aproni yake akamfunga goti. "Eish, mntanami," aliniambia, yaani mwanangu, na basi.

Kazini jirani alisema ameanguka ngazini. Lakini mlinzi asiyeweza kusimama si mlinzi tena, wakamwachisha kazi. Nilipokwenda chumbani kwake kulia, alinicheka.

"Wacha kulia, mama. Utanichongea fimbo. Lakini usiitie mu maji!"

Nilitafuta mti wa nyuzi zilizonyooka majira mawili ya baridi, katikati ya kufua nguo za watu na kusugua sakafu zao. Nilipomaliza kuichonga nikaipeleka kwenye chumba cha mbali alichohamia alipokosa kodi. Chumbani kulikuwa na watu wengine. Mmoja alisema amerudi kwao, mwingine Durban, wa tatu akauliza, "Nani huyo?" Nimeuliza makanisani na kwa vinyozi wa Kikongo wote ninaowajua. Sitamwona.

Gogo tumeshamzika. Yadi imejengwa vyumba vya ghorofa, na pale palipokuwa na mbaula pana choo. Mdogo wangu wa kike yuko Cape Town, hapigi simu. Kitinda mimba amekuwa mwanamume, anaongea Kizulu na Kiingereza. Nikimsimulia goti la jirani anasema, "Sharp, sisi," yaani sawa, dada, macho kwenye simu. Anadhani nimeitunga.

Fimbo iko nyuma ya mlango wangu. Kila baridi inapoanza naipaka mafuta isipasuke. Ncha yake bado ni safi. Haijawahi kugusa udongo.