Mabaki ya jeneza, malori ya Krismasi

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeuficha Mlima Hanang, na Genoveva Hhando tayari ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Juu ya meza yake ya kazi kuna vitu viwili: jeneza lisilo na kifuniko, na lori la kuchezea linaloenea kwenye viganja viwili vya mtoto. Anakata ubavu wa jeneza. Kipande kinachobaki anakipima kwa jicho, anakipitisha kwenye msumeno, kinakuwa kichwa cha lori.

"Ubao haujui unakwenda wapi," anasema huku akipuliza vumbi. "Tunaojua ni sisi, halafu tunausingizia."

Genoveva, mwenye miaka hamsini na minne, ni fundi seremala wa Gitting, wilayani Hanang. Vitanda anatengeneza, milango pia, lakini jeneza ndilo lililomsomesha mwanawe, Pascal. Ufundi aliupata kwa baba yake, ambaye wanawe wa kiume waliikimbia randa wakaenda kulima vitunguu.

Kila Krismasi huwapa watoto wa chekechea ya kigango chao malori ya mbao, bure. Mbao ni mabaki. Magurudumu ni matawi ya mgrivea yaliyokatwa vipande vya mviringo. Gundi na rangi ananunua mjini Katesh, kama shilingi elfu thelathini, kutoka mfukoni mwake.

Mwaka huu baadhi ya wazazi wamemwambia aache.

Uvumi kwamba mabaki ya jeneza huleta mkosi ulianza baada ya mvua za masika. Mtoto mmoja aliugua homa akapona, lakini mtu akakumbuka kwamba alikuwa akilala na lori la Genoveva. Maneno yakakimbia kuliko bodaboda. Haikupita wiki, jirani yake Yoakimu akaja na lori la mwanawe. Hakubisha hodi. Alilitupa mlangoni.

"Mama Pascal, chukua gari lako la maiti!"

"Yoakimu, kitanda unacholalia nilikikata kwenye ubao uleule wa jeneza la mjomba wako," Genoveva alimjibu. "Ukifika nyumbani kitupe nacho, ulale chini."

Waliokuwa wakipita njiani walicheka. Yoakimu hakucheka. Kitanda hakijatupwa hadi leo.

Hofu hiyo ina mizizi. Zamani, katika nyanda hizi, nyumba iliyofiwa ilijitenga na majirani kwa muda mrefu, hata chombo hakikuazimwa. Genoveva hawacheki wanaoikumbuka desturi hiyo. Mama yake alifiwa na mtoto, na Genoveva alimwona akikaa peke yake kama mtu aliyekosa.

"Alikuwa amefiwa, si mwizi," anasema. "Niliapa, kwangu hakuna mtu atakayeogopwa kwa sababu ya msiba."

Lori la kwanza lilizaliwa msibani. Miaka sita iliyopita alikuwa akitengeneza jeneza dogo la binti wa Restituta, mwanamke wa kijiji hichohicho. Kaka wa marehemu, Herman, alikuwa ameketi uani. Tangu dada yake afariki hakuwa ametoa sauti. Ghafla aliokota kipande cha mbao, akakisukuma kwenye vumbi, akinguruma kwa mdomo kama fuso inayopanda mlima.

"Nilisimamisha msumeno," Genoveva anakumbuka. "Nikasema, huyu gari ameshaliona. Mimi kazi yangu ni magurudumu tu."

Restituta hataki kusikia neno mkosi. "Watu waliniletea unga, waliniletea sala, nikashukuru vyote," anasema. "Ila aliyemfanya mwanangu atoe sauti ni Geno. Anayesema gari lile ni la maiti aje aniambie mimi, usoni."

Mzee mmoja wa kanisa alimshauri Genoveva njia rahisi: awaambie wazazi kwamba mbao za malori ananunua kwingine. Alikataa papo hapo. "Nikidanganya, nimekiri kwamba kuna kosa. Kosa liko wapi?"

Msimamo huo una gharama. Zamani alipokea kazi ya vitanda vitatu au vinne kwa mwezi. Sasa kimoja, na mwezi mwingine hakuna. Lakini kinachomuuma zaidi kipo ndani ya familia. Mkwewe Violeth, mke wa Pascal, amemzuia binti yake Agatha, mwenye miaka mitano, kugusa malori ya bibi yake.

Asubuhi hii Violeth anaingia karakanani na chupa ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lori la Agatha hili hapa, limebaki kupigwa msasa."

Violeth halitazami. "Mama, mimi siogopi ubao. Naogopa midomo. Mtoto akikohoa tu, watasema ni bibi yake."

"Na akicheka watasema ni nani?"

Violeth anamimina chai. Macho yake yanatembea kwenye rafu yenye malori. "Umewatengenezea wote? Hata wa Yoakimu?"

"Wa Yoakimu lake lina tela."

"Tela! Baada ya matusi yale?"

"Mtoto hakunitukana."

Violeth anacheka kabla hajajizuia. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, kwamba siku ya Krismasi atakuja na Agatha. Kulichukua lori au kuliacha, mtoto ataamua mwenyewe. Yeye hatamzuia tena.

"Sijaomba zaidi ya hapo," anasema Genoveva.

Mpango wake hauna siri. Misa ikiisha, atayapanga malori kando ya ukuta wa kanisa, mahali ambapo kila mtu lazima apite, naye atasimama nyuma ya malori hayo mpaka jioni. Akiulizwa mbao zimetoka wapi, atasema.

"Na yakibaki yote?" Violeth anauliza.

Genoveva anarudisha kikombe na kushika randa.

"Pasaka nitayaleta tena. Na Krismasi nyingine. Watachoka wao kukataa, mimi bado naranda."