Asparaga za Lorna

Kaka yangu Verlyn alimzika mkewe Januari, na tangu siku ile chakula hakina ladha mdomoni mwake. Si kwamba hali. Anakula, tena anamaliza, ila ukimuuliza amekula nini inabidi achungulie sahani. Hajatoa chozi. Watu wa kanisani wanasema ni mwanaume imara. Imara kitu gani! Mtu amekufa ganzi mwili mzima, wao wanamsifu.

Verlyn alitengeneza mashine za ghala la mahindi hapa kwetu Iowa mpaka akastaafu. Mwenye maneno alikuwa wifi yangu Lorna, na ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo wa kusaka makopo. Unaficha kopo lenye daftari la kusaini, unatangaza mtandaoni lilipo, watu wanalitafuta kwa simu. La kwao lilikuwa kwenye njia ya reli ya zamani, ile iliyong'olewa vyuma ikabaki ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kila Mei walikwenda kulikagua, wakarudi na ndoo ya asparaga za mwituni, yale machipukizi ya kijani yanayoliwa kama mboga.

Walikozichuma, Lorna hakusema. Huku kwetu hakuna anayemwonyesha mwenzake zinapoota. Miaka ishirini nimekula mezani kwake, na kila nikiuliza ananijibu, "Wifi, kula, usinichimbe."

Mei hii wasimamizi wa mchezo wakaandika kwamba kopo limepasuka, na lisiporekebishwa litafutwa. Verlyn akasoma, akazima simu.

"Wacha walifute."

"Thubutu!" nikamwambia. "Chukua kopo jipya, vaa viatu."

Niseme ukweli, kopo halikunihusu. Nilitaka tufike kwenye asparaga, azile, kaka yangu anirudie.

Tulilikuta ng'ambo ya daraja la chuma, katikati ya majani ya kuwasha, limejaa maji. Mikono ikaniwaka moto.

"Mbona alilificha pabaya hivi, jamani?"

"Ili watu wahangaike huku," akasema Verlyn, "wasiangalie kule."

Akageuka, akavuka daraja, mimi nyuma nikijikuna. Akasimama kwenye nguzo ya zamani ya reli, karibu na uzio wa shamba. Tulikuwa tumepita hapo hapo muda si mrefu. Sasa ndipo nikaziona asparaga, zimesimama ndani ya nyasi, nene kama kidole gumba, zimefuata uzio mpaka mbali. Wifi yangu mjanja wewe!

Verlyn akachuchumaa, akaweka kopo jipya katikati ya asparaga, akatoa simu na kuanza kubadilisha tangazo.

"We Verlyn! Una wazimu? Kaunti nzima itakuja hapa na visu!"

"Waje."

"Mimi nimefichwa miaka ishirini, leo unawagawia watu baki?"

"Dada, usipige kelele."

Akakata moja, akaifuta kwenye suruali, akaitafuna mbichi, taratibu, macho kwenye njia. Nilimkodolea macho. Nikamwomba Mungu, nikamwomba na Lorna.

"Sisikii kitu," akasema. "Kwangu ni majani. Anayesikia ladha ndiye ale."

Akakata nyingine, akanipa. "Wewe je?"

Nikauma. Ule utamu wa njegere changa ukanijaa mdomo, na papo hapo nikawa jikoni kwa Lorna, siagi inachachatika kikaangoni, ananipiga kofi mkononi nisidokoe. Nilimkumbuka vibaya mno. Nikageukia uzio ili kaka asinione uso.

"Hata mimi," nikasema. "Majani tu."

Verlyn akashusha pumzi, akaketi kwenye nyasi.

"Afadhali," akasema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."