Jirani wa Kubandika Matangazo

Kila Jumamosi, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la majani chai, jirani wa Nyambeki hukoroga uji mzito wa mahindi, si wa kunywa, ni wa kubandika magazeti ukutani. Magazeti huletwa na mumewe, mpishi wa mzungu, naye mama huyo hukata matangazo tu: sabuni, baiskeli, mafuta ya taa. Hupaka uji kwa vidole viwili, halafu huilaza karatasi kwa kiganja polepole, huku akiimba puani wimbo wa kanisani.

Jumamosi hiyo Nyambeki aliingia na mwanawe mgongoni na kuku kwapani. Kuku alikuwa wa kupelekwa dukani Kericho, abadilishwe na mkebe wa maziwa ya unga, kama ule wa tangazo la ukutani uliochorwa mtoto wa kizungu mwenye mashavu tele. Momanyi wake hakuwa na mashavu hayo, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

“Ananyonya?” jirani aliuliza.

“Ananyonya sana, mama. Hata ameanza kutambaa.”

“Huyu wa ukutani yuko hapa tangu mwaka jana, na hajaota hata jino.”

Nyambeki alijaribu kutocheka, akashindwa. Jirani alichovya vidole kwenye sufuria, akachukua tangazo la sabuni, akalibandika juu ya yale mashavu, akalilainisha mpaka kwenye pembe.

“Haya, Mama Momanyi, mfungue huyo kuku miguu, ukae unyonyeshe. Hakuna mtu anawachungulia sasa.”