Mia Moja na Arobaini

Nilipokuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja hapa Eldoret, kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa majedwali ya zabuni. Kila kigezo kilikuwa na uzito wake: bei arobaini, uzoefu thelathini, muda thelathini. Jumla lazima iwe mia. Aliyeongoza kwa alama alipewa kazi, na hakuna wa kununa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na niliyapenda majedwali yale kupita kiasi.

Kwa hiyo wanaume wawili walipotaka kuniposa ndani ya mwezi mmoja, sikulia wala sikuacha kula. Niliingiza karatasi kwenye mashine.

Wa kwanza alikuwa na lori la kubeba viazi kutoka Timboroa. Alikuwa mtu wa kwetu, wa lugha yetu, na baba yangu, mwenye duka pale Munyaka, alishaanza kumwita mwanangu. Wa pili alikuwa mwalimu kule Kaptagat, mtu wa magharibi mwa nchi, mali yake baiskeli na koti la mvua. Baba alisema, "Niletee sababu kwa maandishi. Jumamosi nataka jibu."

Niliweka mali thelathini, tabia thelathini, ukoo ishirini, dini ishirini. Mwenye lori akapata themanini na moja, mwalimu hamsini na sita. Nilikasirika kweli. Nikaongeza kigezo cha tano, kunichekesha, uzito kumi. Mwalimu akasogea kidogo. Nikakipa ishirini, kisha thelathini, huku nikikumbuka alivyomwigiza jogoo wa jirani yake, nikicheka peke yangu mpaka mkubwa wangu akachungulia mlangoni kuuliza ni zabuni gani hiyo. Kufika arobaini, mwalimu alishinda tisini na sita kwa tisini na tano. Nilitaka kucheza ngoma na karatasi ile.

Baba aliisomea dukani, penseli sikioni. Alikuwa mtu wa kupima sukari mpaka chembe ya mwisho.

"Hizi uzito zako zimefika mia moja na arobaini," alisema. "Huko ofisini mnaweza kubali hii?"

"Hapana, Baba."

"Basi ulishaamua kitambo." Aliumia, na hakuficha. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Mwambie alete wazee wake. Lakini siku hiyo nitakuuliza mbele ya watu, na hutakuwa na mashine."

Kwetu, wazee hawaonji kinywaji cha mposaji kabla binti hajakubali. Nyumba yetu ilikuwa ya kanisa, basi pombe ilikuwa imeuachia nafasi uji uliochacha. Binti hupewa kikombe, huulizwa kama wanywe, huinamisha macho, hukawia, huonja kidogo tu, kisha humpa baba yake naye anywe. Wiki nzima shangazi alinifundisha kukawia.

Siku ilipofika, baba alinipa kikombe. "Binti yangu, tunywe uji wa huyu mtu?"

Mwalimu alinitazama kutoka upande wa pili wa sebule, amekaa wima, jasho usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote. Furaha ilinipanda ghafla. Nilikunywa uji wote, bila kupumua.

Baba alipokea kikombe, akakiinamisha, akachungulia ndani, hata tone hakuna.

"Mia moja na arobaini," alisema, akaomba ajaziwe kingine.