Kumsitiri Baba

Katika miaka miwili niliyomwuguza baba nyumbani kwetu Nyaishozi, mwili wake haukupata kidonda hata kimoja. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo nililosifiwa.

Kiharusi kilikuwa kimemwondolea nguvu za miguu na uwezo wa kuzuia mkojo. Mama alikwisha kufariki, na mke wangu, kwa mila zetu, hakuruhusiwa kuuona mwili wa baba mkwe wake. Basi niliacha kufundisha Kigiriki cha Agano Jipya katika chuo cha wachungaji, nikarudi kumwogesha mimi mwenyewe. Nilipima joto la maji kwa kiwiko, nikamgeuza kila baada ya saa mbili, nikakausha kila mkunjo wa ngozi kwa kitambaa cha pamba. Niliihesabu kazi ile kuwa ibada, wala sikuficha kwamba niliihesabu hivyo.

Baba aliichukulia kwa mzaha. "Umekuta makosa mangapi leo, mwalimu?" aliniuliza kila nilipomkagua mgongo.

Watu walipouliza habari zake, nilikuwa na jibu moja: namsitiri mzee. Nililipenda neno hilo. Nililifafanua hata kwa wageni: kusitiri ni kufunika uchi wa mtu, na pamoja na uchi, heshima yake.

Baba alikuwa mzee wa kanisa tangu kabla sijazaliwa, na sasa alikuwa na haja moja tu: kushiriki Meza ya Bwana kanisani, kwenye benchi lake, pamoja na wenzake. Jumapili moja ya ushirika majirani wanne walifika asubuhi na machela ya mianzi, wakaizunguka kwa uangalifu buni iliyoanikwa uani. Niliwalaki mlangoni, nikawaambia mzee ana homa. Hakuwa na homa. Niliuona akilini mkojo ukitiririka chini ya benchi, nikayaona macho ya watu yakitoka kwake na kunigeukia mimi, mtunzaji hodari. Dirisha la chumba chake lilikuwa wazi.

Alasiri mchungaji alimletea mkate na kikombe. Baba akafumba mdomo. Mchungaji alidhani ni kiharusi. Akangoja, akaomba, akaenda zake.

Nilipomvua shati ili nimwogeshe, nilimweleza kwamba nilikusudia kumsitiri tu. Nyumbani tulizungumza Kinyambo, lakini neno hilo nililiacha katika Kiswahili, kwa kuwa sikupata la kutosha mahali pake. Baba naye alihamia Kiswahili, lugha aliyoitunza kwa vikao vya wazee, alipotaka kauli yake iandikwe.

"Anayesitiriwa ni maiti, mwanangu. Mimi bado."

Kila tangazo la msiba kwetu hulitumia neno hilo kwa maana ya kuzika, na mimi, niliyewatoa wanafunzi jasho kwa ajili ya kihusishi kimoja, sikuwa nimelisikia kinywani mwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha pia habari ya Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu. Aliwaosha wakiwa karamuni, na baada ya kuoshwa walibaki mezani. Mimi nilimwosha baba, kisha nikamnyima meza.

Niliazimia kumpeleka kwenye ushirika uliofuata. Nilikwenda hadi Kayanga kutafuta pakiti ya nepi za watu wazima, nikaiweka kando ya kitanda. Pakiti ile haikufunguliwa.

Majirani wale wanne ndio waliobeba jeneza. Safari hii hawakuniuliza kitu. Wazee waliouosha mwili walikuwa wamekwisha kuwaambia watu kwamba ngozi ya marehemu ilikuwa nzima kama ya mtoto, na mmoja wao alinishika mikono yote miwili mbele ya kanisa, akasema Mungu atanilipa. Kisha msoma matangazo akasimama, akatualika twende tukamsitiri mzee wetu.

Benchi lake walikuwa wameliacha wazi. Chini yake palikuwa pakavu.