Mkulima wa Mbozi Aliyetaka Kuitwa Jina Lake

Habari ilinifikia Tunduma Jumanne asubuhi, nikiwa nimekwama nyuma ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Aliyepiga simu ni binti wa mzee mmoja rafiki yangu. "Baba ametutoka," alisema, na kabla sijapata neno la kumfariji akaongeza: "Mama hajui. Yaani tumemwambia, lakini hajui." Nilishuka garini, nikasimama kando ya barabara na kulia, wala sioni haya kuwaambia ninyi mnaonisoma kila wiki. Marehemu hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mkulima wa kahawa wa Mbozi ambaye kazi hii ya kuandika ilinikutanisha naye, tukazoeana hadi tukawa tunatembeleana.

Mara ya kwanza kufika kwake nilipita katikati ya mibuni iliyoinama kwa matunda mekundu, nikaketi sebuleni, nikaletewa chai ya rangi. Nikamtania: "Mzee, kahawa yote hii halafu unaninywesha majani ya dukani?" Alicheka sana. "Kahawa ni ya kuuza, mwandishi. Tangu babu zetu sisi ni kulima tu, wanywaji wako huko." Mkewe, mama mchangamfu aliyekuwa akinipakulia maharage na majani ya maboga, akadakia kwamba yeye hata ladha yake haijui. Nyumba nyingi za Mbozi ziko hivyo mpaka leo. Kizuri kinauzwa, jikoni kinabaki kilichokataliwa, na siku hizi hata hayo majani ya maboga tunaona aibu kumwekea mgeni.

Miaka ikapita, yule mama akaanza kusahau. Alitia chumvi kwenye mboga, akageuka akatia tena. Akapotea njia ya kutoka kanisani, njia aliyoipita tangu usichana. Ikafika siku akamwamkia mumewe kwa heshima zote, akimdhani ni mjomba wake aliyekuja kutembea. Majirani wakanong'ona uchawi. Binti yao, ambaye ni muuguzi, aliwaketisha akawaeleza kuwa huo ni ugonjwa. Kwamba seli za ubongo zinaweza kuvimba na kuumia polepole, kama kidonda kisichopona. Akasema watafiti wanadhani viambato fulani vya asili vilivyomo kwenye mimea, katika mboga za majani, matunda yenye rangi, kiungo cha manjano, hata kahawa, huenda vikasaidia kuzikinga. "Lakini baba, ni huenda, bado haijathibitishwa. Na kilichokwisha kuharibika, chakula hakikirudishi." Mzee alisikia yote, akachagua la kushika. "Huenda siyo hapana," aliniambia.

Basi akaingia jikoni, mwanamume wa rika lake, katika ukoo ambao wanaume wakionekana na mwiko watu huuliza kulikoni. Alibakiza sehemu ya kahawa yake bora, akaikoboa, akaikaanga chunguni hadi jiko likajaa moshi, akaitwanga kwenye kinu. Alipanda mboga ya mnavu nyuma ya nyumba. Wenzake wakasema kalishwa limbwata, dawa ya mapenzi. Siku moja nilimsindikiza sokoni Tunduma kutafuta manjano, na muuzaji mmoja, mama wa upande wa Zambia, akamwita kwa heshima ya Kibemba kama babu yake: "Bashikulu, unataka ya pilau au ya dawa?" Akajibu: "Nataka ya mke wangu." Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Tulipokuwa tukirudi aliniambia anachokitafuta. "Nataka aniite jina langu tu. Hata mara moja, mwandishi. Nikishasikia, basi."

Nilimuuliza binti kama mama alikuja kulitaja. Hapana, hakulitaja. Baba yake alianguka shambani asubuhi, moyo ukasimama.

Msibani mama aliketi mkekani kati ya wanawake. Mwanzoni kila alipouliza nani amekufa walimwambia ukweli, naye alilia upya kila mara, kilio cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, hadi binti akawaomba wasimwambie tena. Nilipokwenda kumpa pole, alinishika mkono asiuachie.

"Baba, huyu marehemu alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye, mama."

"Alimpenda?"

"Alimpenda sana."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi mkamwangalie huyo mama. Mpelekeeni chakula, asije akalala na njaa."

Nimerudi Tunduma na uchungu ambao sijui niuweke wapi. Sisemi kwamba kahawa na mnavu vingemwokoa mama yule hata kama wangeanza zamani. Hilo hakuna alijuaye, na anayewauzia uhakika huo anawadanganya. Ninachojua ni kwamba tunaimba kinga ni bora kuliko tiba tangu tukiwa shule, kisha tunauza kilicho bora, tunajaza sahani chipsi na soda, na bustani tunaikumbuka mgonjwa akishakuwa ndani. Mzee alipika kwa upendo wote, akachelewa. Sisi tulio wazima tule tunacholima, tena tuanze sasa, wakati bado tunajuana majina.