Mtoto wa Kulinganishia

Kwetu huku Meru kila mtu anapanda mlima kwa kushika magoti. Mwinuko wa kutoka mtoni hadi kwenye migomba yetu hauna huruma. Hata mama mkwe wangu, aliyebeba mikungu ya ndizi tangu usichana wake, akifika katikati huinama na kusukuma mapaja kwa viganja, na bado anaongea. Kwa hiyo mwanangu mdogo alipoanza kushika magoti, hakuna aliyeshangaa. Bibi yake alimsifia vigimbi vyake vinene. "Huyu ndiye atakayetubebea kahawa," alisema, nami nikakubali kwa moyo wote.

Nilihitaji kukubali. Kaka yake alikuwa anaanguka. Alianguka uani, akaanguka darasani, na kila jirani alikuwa na jibu lake: minyoo, viatu vibaya, uvivu. Yule wa uvivu nilimtimua kwangu na sijamkaribisha tena. Kila nilipochoka kumwokota mkubwa, nilimtazama mdogo akifukuzana na kuku, nikapumua. Angalau mmoja, nilijiambia.

Tulipoitwa kliniki moja huko mjini ili mkubwa apimwe, nilikwenda na wote wawili kwa sababu bibi yao alikuwa msibani. Dada wa vipimo alimfunga mkubwa vifaa vidogo kama saa zisizo na mishale, kimoja kiunoni na vingine juu ya nyayo. Aliviita vihisi. Alisema vinaona mwendo ambao macho yetu hayauoni, na kwamba vitamsaidia daktari kujua ugonjwa. Mwanangu alitembea hadi mwisho wa korido na kurudi, ameuma midomo, na kwenye kompyuta mistari yake ikatokea imevurugika.

Mdogo akaanza kulia. Na yeye alitaka saa.

"Njoo, baba," dada alimwambia akicheka. "Tupate na ya mtoto asiye na shida, tulinganishe."

Akatembea kwa maringo. Dada alitazama kompyuta, akakunja uso. Alidhani amefungua mistari ya kaka mtu, akamrudisha koridoni. Kisha akasema labda vifaa vina kasoro, akavibadilisha. Mwisho akanifunga mimi. Mistari yangu ilitoka safi, kila hatua sawa na nyingine. Nilifurahi, mjinga mimi, nikadhani mashine imepona.

Dada alitoka bila kuniangalia, akarudi na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Daktari alimwomba mdogo akae sakafuni, kisha asimame bila kushika kitu. Mtoto akageuka, akaweka mikono chini, akainua makalio, akashika magoti, kisha akayapanda mapaja yake mwenyewe kwa viganja mpaka akasimama.

"Anamwiga kaka yake, daktari," nilisema nikicheka. "Kila siku namkemea."

"Tangu lini, mama?"

Nilifungua mdomo nijibu, na hapo hapo nikaelewa. Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikichukia kile chumba, nikaichukia kompyuta, na yule dada aliyekuwa akifungua mikanda taratibu miguuni mwa mwanangu nilimchukia kuliko vyote, ingawa alikuwa anajifuta machozi. Daktari alisema inaelekea ni ugonjwa wa misuli, na kwamba watapimwa damu wote wawili ili kuhakikisha. Akaongeza kwamba ugonjwa wa namna hii unaweza kupitia kwa mama na usimguse. Alisema kwa upole sana. Sikuuhitaji upole wake.

Jioni tulikaa jikoni tukila makande, bibi yao akiwa bado na khanga za msibani. Nilikuwa sijamwambia kitu.

"Mama," mdogo aliuliza, "nani alishinda?"

"Alishinda nini?"

"Kutembea na saa."

Bibi yake aliacha kutafuna, akanitazama.

"Mmetoka sare," nilisema.

Mdogo alinuna, maana katika mambo ya miguu amezoea kushinda. Mkubwa aliweka kijiko chini. Aliitazama miguu ya mdogo wake, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Si kweli, mama," alisema. "Mwambie alishinda yeye."